Alfajiri Iliyorudi Garissa

Basi liliondoka Mwembe Tayari jua halijachomoza. Tulipovuka daraja la Kilifi nilikuwa nimekwisha kuizungusha tasbihi yangu mara tatu, na lau mtu angeniuliza nilikuwa nikisoma nini, nisingeweza kumjibu. Vidole vilikwenda, ulimi ulikwenda, lakini roho ilikuwa juu juu.

Hali hiyo ilikuwa imenishika tangu mama yetu alipotutoka, miezi mitano kabla ya safari hii. Msiba wenyewe niliupokea kwa subira, au hivyo ndivyo watu walivyonisifu. Nilipika, nikapokea wageni, nikagawa nguo za marehemu, nikasimamia hitima. Wageni walipokwisha kwenda zao, mwili ukaanza kudai chake. Usingizi ulikatika saa nane za usiku. Taya ziliniuma kila asubuhi kwa kukaza meno usiku kucha. Kifua kilikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Daktari alinipima moyo na damu, akaniambia haoni ugonjwa. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Garissa yapata miaka 30 sasa, aliposikia habari hizo alinipigia simu akasema: "Njoo upumzike huku."

Nilicheka. Nani aendaye kupumzika Garissa? Sisi wa pwani tukitaka kupumzika hukaa barazani tukapata upepo wa bahari. Garissa tunaijua kwa joto, kwa ukame na kwa habari za kutisha. Hata hivyo nilifunga mzigo, nikatia na mafungu mawili ya ukindu uliotiwa rangi ambayo dada aliniagiza, nikaenda.

Mwalimu wa kwanza

Ukishaipita Malindi, nchi hubadilika polepole. Minazi hupungua, miti ya miiba huongezeka. Kisha karibu na Minjila bonde la Mto Tana hufunguka, pamoja na mikoma yake, miembe ya Wapokomo na makundi ya ng'ombe wa Waorma. Barabara huufuata mto kuelekea kaskazini, kupitia Hola hadi Madogo.

Njia hiyo ina vizuizi vya askari. Basi husimama, vitambulisho hutolewa, maswali huulizwa. Nilikuwa nimeketi kando ya mama mmoja wa Kisomali aliyempakata mtoto, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilimtazama. Kabla basi halijasimama, mabega yake yalikuwa yamekwisha kupanda hadi karibu na masikio. Basi lilipoondoka tena, alivuta pumzi kwa pua, akaiachia kwa mdomo taratibu, kama mtu anayepoza chai, na mabega yakashuka. Alifanya hivyo kila kizuizi. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Tulipofika Hola niligundua kuwa nami nilikuwa nikishusha pumzi pamoja naye, na kwamba taya zangu hazikuwa zimekazana.

Jua lilikuwa limelala tulipovuka daraja la Tana na kuingia Garissa. Maji yalikuwa mazito, rangi ya udongo, yakienda bila ya haraka. Dada alikuwa akinisubiri kituoni na buibui lake limejaa vumbi. Hakuniuliza habari za safari. Alinikumbatia, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyo desturi yetu, mpaka nikasikia mwili wangu ukilegea.

Nchi iliyokaza misuli

Msomaji mpenzi, ni vyema tukumbuke ni nchi gani hii. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa mwaka 1963 hadi 1991. Wazee wa Garissa hawajasahau Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi ulipochomwa moto. Wajir hawajasahau Februari 1984, wanaume walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wasirudi majumbani mwao. Miaka ya karibuni, kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, mifugo ikafa. Na mvua ilipokuja mwishoni mwa 2023 ilikuja kwa mafuriko yaliyoikata barabara pale Madogo.

Watu waliopitia mambo kama hayo hujifunza kuishi wakiwa tayari kukimbia. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu na uwezo huo kwa rehema: hatari inapotokea, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, tumbo husimama, ili mtu apate nguvu ya kujiokoa. Shida huja hatari inapopita na mwili usipate habari.

Dada yangu aliyajua haya kwa nafsi yake. Alinihadithia usiku wa kwanza, tumeketi uani chini ya mwarobaini, sauti yake chini ili watoto wasisikie.

Siku maji yalipogeuka

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015. Alikuwa ameamka kwa swala ya alfajiri, na alikuwa akitia udhu pale uani, aliposikia milio ya bunduki kutoka upande wa chuo kikuu. Ilidumu hadi jioni. Siku hiyo watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wanafunzi, vijana wa watu waliotoka pembe zote za Kenya.

"Nyumbani kwetu hakufa mtu," dada aliniambia. "Kwa hiyo nilijiambia sina haki ya kuumwa. Wenye msiba ni wengine."

Lakini mwili haukungoja ruhusa. Kila alfajiri, sauti ya maji yakimwagika kwenye sakafu ilimtetemesha mikono. Akaanza kutia udhu usiku na kujilazimisha kutolala ili usitanguke. Akaogopa kulala, kisha akaogopa kuamka. Saa aliyokuwa akiipenda kuliko zote, saa ya utulivu baina yake na Mola wake, ikawa saa ya hofu. Kilichomuumiza zaidi ni fikra kwamba imani yake imepungua.

Aliyemwondolea fikra hiyo alikuwa muuguzi mmoja katika zahanati aliyokwenda kwa maumivu ya kichwa. Muuguzi alimsikiliza, kisha akamwambia maneno ambayo dada ameyahifadhi: "Mwili wako ni kama mlinzi wa usiku. Mara moja alimwona mwizi kweli. Tangu hapo, kila paka akipita anapiga filimbi. Usimgombe mlinzi. Mfundishe upya."

Akamfundisha mambo matatu. La kwanza, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kuisikia chini ya miguu. La pili, kutazama vitu vilivyo mbele yake na kuvitaja kwa majina, kimoja kimoja, ili akili ijue ipo wapi na ni siku gani. La tatu, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta.

Aliporudi nyumbani alimweleza mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima humwita Ayeeyo, yaani bibi. Ayeeyo hakuwahi kuingia darasani, lakini amelea watoto tisa na ngamia wasio na idadi, na anajua kwamba mnyama aliyeshtuka hapelekwi kisimani kwa fimbo. Alisema wasianze na alfajiri. Wataanza na Adhuhuri, mchana kweupe, watoto wakicheza uani.

Ikawa kila Adhuhuri Ayeeyo huketi kwenye kigoda, ameshika birika la plastiki, akimmiminia mkwewe maji kidogo kidogo. Dada hukanyaga sakafu, hutaja: birika ya kijani, kamba ya nguo, mbuzi mweupe, Ayeeyo. Huosha viganja, hushusha pumzi. Husukutua, hushusha pumzi. Maji baridi yanapogusa uso hukaa nayo kidogo. Siku alizoanza kutetemeka waliacha kumimina wakangoja. Wiki kadhaa zilipopita wakahamia Alasiri, kisha Magharibi, kisha Isha. Chuo kikuu kilifunguliwa tena Januari 2016. Dada anasema yeye alichelewa kuliko chuo. Alfajiri yake ilirudi mwezi wa Shaabani mwaka huo, siku chache kabla ya kuingia Ramadhani.

Nilimuuliza aliposwali siku ile alisema nini. "Sikusema kitu," akajibu. "Nilisujudu nikakaa."

Neef

Asubuhi ya pili tulikwenda sokoni kununua maziwa. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi katika Afrika Mashariki, na karibu na kila soko la mifugo hapa utawakuta wanawake wauza maziwa ya ngamia, vyombo vyao vimefukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi na yapate harufu nzuri. Huko ndiko nilikojifunza neno. Mnyama mmoja anayehesabiwa sokoni, mbuzi au ngamia, kwa Kisomali huitwa *neef*. Na *neef* hiyo hiyo ni pumzi. Mali yao wanaihesabu kwa pumzi.

Wana neno jingine, lililoenea katika kambi za Dadaab, mashariki ya mji huu, ambako wakimbizi wameishi tangu 1991. Neno hilo ni *buufis*, nalo hutajwa kwa yule aliyeshikwa na hamu kubwa ya kuhamishiwa ng'ambo hata asiweze kula wala kulala. Asili yake ni kupuliza, kujaza hewa. Mtu amejazwa pumzi isiyopata pa kutokea. Niliposikia maana hiyo niliweka mkono kifuani pangu.

Nasi Waswahili tumeambiwa siku zote, ila hatusikilizi lugha yetu. Pumua, pumzi, pumzika: shina ni moja. Mwenye hofu tunasema roho yake iko juu. Aliyeokoka tunasema ameshusha pumzi. Wazee walijua kwamba mapumziko huanzia kifuani.

Wataalamu nao wanalieleza kwa njia yao. Upo mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, ukapita shingoni na kifuani hadi tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo mwendo. Tunapotoa pumzi taratibu mshipa huo hufanya kazi zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, matokeo ya kuwapima watu 23 waliokuwa wakirudiarudia ama sala ya rozari kwa Kilatini ama maneno ya yoga. Katika hali zote mbili kupumua kulishuka hadi kiasi cha pumzi 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mpangilio mzuri. Nilipomsimulia Ayeeyo habari hizo, dada akifasiri, alisikiliza kwa adabu, tasbihi ikiendelea kupita vidoleni mwake. Kisha akasema kwamba dhikri si dawa ya usingizi. Yeye humkumbuka Mola wake kwa kuwa ni haki Yake. Usingizi ukija baadaye, huo ni sadaka kutoka Kwake. Nimeona ni vyema niyaandike maneno hayo, kwani nia ndiyo inayoitenga ibada na mazoezi.

Mikono na mafuta

Kila baada ya Isha, dada huwasha mkaa, akaweka uunsi, ubani wao uliochanganywa na manukato, katika kitezo chao waitacho *dabqaad*. Kisha hupasha moto mafuta ya ufuta, akakanda miguu ya Ayeeyo. Huanzia nyayoni, akapanda hadi magotini, mkono mmoja haujaondoka kabla mwingine haujafika. Hakuna anayezungumza sana.

Usiku wa pili Ayeeyo aliivuta miguu yake, akaashiria nikae mahali pake. Nilikataa, mtu hawezi kukandwa na mkubwa wake. Hakunisikiliza. Aliuchukua mkono wangu, akaanza kuufungua vidole kimoja kimoja, na ndipo nilipojua kuwa nilikuwa nimekunja ngumi. Aliniambia niikunje zaidi, kwa nguvu, kisha niiachie. Tukafanya hivyo ngumi, kisha mabega, kisha uso. Baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, aliandika kitabu kizima mwaka 1929 juu ya kukaza misuli na kuilegeza, ili mtu apate kuijua tofauti ya hali hizo mbili. Ayeeyo hakukisoma.

Mkono wangu ulipolegea kabisa akaniambia: "*Neefso, hooyo.*" Pumua, mama.

Kwa desturi ya Wasomali, mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye. Nasi tunayo, mama yetu alikuwa akiniita "mama" hadi siku zake za mwisho. Sikuwa nimeitwa hivyo kwa miezi mitano. Nililia, na safari hii sikulia kwa kukaza meno. Dada hakuniambia ninyamaze. Aliendelea kushika nyayo zangu hadi nilipomaliza, kisha akaniletea uji wa shayiri, kama Bibi Aisha (r.a.) alivyokuwa akiwapikia waliofiwa.

Usiku ule nililala hadi adhana.

Ya kuchukua nyumbani

Alasiri zilizobaki tulikaa chini ya mwarobaini tukisuka. Ukindu wangu wa pwani ulichanganywa na miyaa ya mikoma ya Tana, ukili ukarefuka mapajani mwetu. Juu, chini, vuta. Juu, chini, vuta. Mjukuu mdogo alilala mgongoni mwa dada, akitikiswa na kazi ile ile. Nikawaza ni mambo mangapi ya bibi zetu tuliyoyaacha tukidhani ni kazi tu: kusuka, kupepeta, kubembeleza mtoto, kumkanda mzazi katika arobaini yake. Kazi zilikuwepo, lakini zilikuwa na mwendo wa kutuliza, na zilifanywa pamoja.

Dini yetu nayo imejaa mafunzo ya mwili ambayo tunayapita mbio. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye hasira akiwa amesimama akae, na hasira isipomwondoka alale, pia alielekeza hasira izimwe kwa udhu. Alimtaka Bilali awape raha kwa swala. Sisi twaitafuta raha baada ya swala, kwa kuimaliza haraka.

Dada yangu msomaji, ukitaka kujaribu, anza na dogo. Tia udhu mmoja kwa siku bila ya pupa, maji kidogo, ushushe pumzi kwa kila kiungo. Kabla ya kulala, weka mkono tumboni, uvute pumzi kwa pua kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita, dakika tano, bila ya kuizuia. Ukihisi kizunguzungu acha, urudi kwenye kupumua kwako kwa kawaida. Kunja viganja na uviachie. Mkande mama yako miguu. Aliyeshtushwa na jambo usimlazimishe kulisimulia. Kaa naye, mmiminie maji.

Na usiyachukulie haya kuwa badala ya matibabu. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi ni jambo la kukimbilia hospitali, si la kukandwa. Hofu inayodumu zaidi ya mwezi, ndoto za kutisha zisizokoma, mzazi asiyetaka kumwangalia mtoto wake, mtu anayetamani kutokuwepo: hao wapelekwe kwa mtaalamu mapema, bila ya aibu. Dada yangu alipona kwa muuguzi na kwa Ayeeyo, wote wawili.

Alfajiri ya mwisho niliamka kabla yake. Giza lilikuwa bado jepesi, hewa baridi kwa saa ile moja ambayo Garissa huipata. Nilichukua birika ya kijani, nikaketi kwenye kigoda cha Ayeeyo. Dada alipotoka uani alisimama kidogo akanitazama, kisha akakunja mikono ya nguo yake, akaweka nyayo sakafuni. Nikammiminia taratibu. Maji yalianguka kwenye saruji kwa sauti ile ile ya mwaka 2015, naye akaosha viganja, akashusha pumzi, nami nikashusha yangu.